Alikuwa miongoni mwa wa kwanza darasani, sasa hataki kwenda shule: jibu kwa mama wa binti wa kidato cha kwanza

Swali lililoletwa na mama mmoja, kwa ufupi, ni hili. Binti yake mwenye umri wa miaka 13 alimaliza shule ya msingi akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake, mchangamfu na mwenye marafiki tele. Sasa yuko katika wiki ya saba ya kidato cha kwanza katika shule ya kutwa. Akirudi nyumbani haongei, akiamka analalamikia tumbo, hasa Jumatatu na Alhamisi, na majaribio ya kwanza ya hisabati na sayansi yamerudi na alama ambazo hajawahi kuzipata maishani mwake. Baba yake anaona kwamba amelegea na anapaswa kubanwa. Mama anafikiria kumhamisha shule. Mdogo wake wa kiume anaingia sekondari mwakani. Mama anauliza wafanye nini, na wasubiri kwa muda gani kabla ya kuhesabu kwamba kuna tatizo kubwa.

Mama, jibu langu la moja kwa moja ni kwamba msimbane, na kumhamisha kusubiri. Kwa maelezo uliyoyatoa, ninamwona mtoto ambaye kwa miaka mingi alijulikana na kila mwalimu na kila mwenzake, na ambaye ghafla yuko mahali ambapo hakuna mtu mzima hata mmoja anayemjua vizuri. Kazi ya kwanza kwenu nyote wawili ni kuhakikisha kwamba ndani ya shule ile anapatikana mtu mzima mmoja anayemfahamu kwa jina na kwa hali yake, na mwanafunzi mwenzake mmoja wa kukaa naye wakati wa mapumziko. Alama ni suala la kweli na nitalizungumzia, lakini mara nyingi hupanda baada ya hayo mawili kupatikana, na ni nadra sana kupanda kabla yake.

Sisi watu wazima husahau ni mambo mangapi hubadilika kwa mkupuo mmoja. Katika shule ya msingi mtoto huwa na walimu wachache wanaomwona kutwa nzima, wanaojua kwamba leo amechoka na kwamba jana alijibu vizuri. Katika sekondari hukutana na walimu wanane, kumi, au zaidi, kila mmoja kwa vipindi vichache kwa wiki, na kila mmoja ana taratibu zake: huyu anataka kazi ya nyumbani ikusanywe kabla ya kengele, yule anaitaka mwishoni mwa kipindi; huyu anaruhusu maswali katikati ya maelezo, yule anachukulia hilo kuwa utovu wa adabu. Mtoto anapaswa pia kujua maabara iko wapi, daftari lipi libebwe siku gani, choo kipi hakikaliwi na wanafunzi wakubwa, na akichelewa ampe nani taarifa. Hakuna kipindi kinachofundisha mambo hayo. Mtoto huyaokota mwenyewe, na wakati akiyaokota, sehemu kubwa ya umakini wake haiko kwenye hisabati.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa saikolojia ya elimu wamelitilia mkazo kwa muda mrefu, na mimi nakubaliana nao. Mwaka 1993 Jacquelynne Eccles na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba shule za ngazi inayofuata baada ya msingi mara nyingi hutoa kinyume cha kile ambacho umri huu unahitaji. Mtoto anayeingia ujana anataka kushirikishwa zaidi katika maamuzi na anahitaji watu wazima wanaomjali nje ya wazazi wake. Shule nayo humpokea kwa masharti zaidi, nafasi chache za kuamua, na walimu wasiopata muda wa kumfahamu. Kwa maoni yao, kushuka kwa ari kwa watoto wengi wa umri huu kunatokana kwa kiasi kikubwa na kutolingana huko, wala si kasoro iliyomo ndani ya mtoto. Naomba baba yake alizingatie hili. Mtoto aliyekuwa na bidii mwaka jana hajabadilika tabia ndani ya wiki saba. Kilichobadilika ni mazingira yake.

Kwa wasichana, suala la mwili huongeza uzito. Roberta Simmons na Dale Blyth, katika utafiti wa miaka kadhaa uliofanyika katika jiji la Milwaukee na kuchapishwa mwaka 1987, waliwalinganisha watoto waliohamia shule mpya wakiwa na umri wa miaka kama 12 na wale waliobaki katika shule ileile hadi walipokaribia miaka 14. Wasichana waliohama mapema walionyesha kushuka kwa namna walivyojithamini, na hali ilikuwa nzito zaidi pale ambapo mabadiliko kadhaa, kama vile kubalehe na kuhama shule, yalimkuta msichana mmoja kwa wakati mmoja. Binti yako ana miaka 13. Huenda mwili wake unabadilika mbele ya watu asiowajua, katika shule ambayo bado hajui kama mlango wa choo unafungika.

Hilo linanirudisha kwenye tumbo lake. Kwanza, mpelekeni kwa daktari, kwa sababu maumivu yanayojirudia yanastahili kuchunguzwa na kwa sababu mtoto anahitaji kuona kwamba mnamwamini. Msimwambie kwamba anajisingizia. Hata pale ambapo chanzo ni wasiwasi, tumbo huuma kwelikweli. Wasiwasi hubadilisha jinsi tumbo linavyofanya kazi, na mtoto anayeambiwa kuwa ni mwongo hujifunza kunyamaza tu. Daktari akisema hakuna ugonjwa, chukueni ratiba ya vipindi na muiweke mezani. Umesema ni Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo zina nini ambacho siku nyingine hazina? Huenda kuna kipindi cha michezo, na wasichana wanabadilisha nguo mbele ya wenzao wa vidato vya juu. Huenda kuna mwalimu anayewasimamisha wanafunzi mmoja mmoja kujibu ubaoni. Huenda ni siku ambazo rafiki pekee aliyempata yuko mkondo mwingine kwa somo fulani na yeye hubaki peke yake. Mara nyingi hofu iliyoonekana kubwa na isiyo na umbo huwa ni hofu ya jambo moja mahususi, na jambo moja mahususi linaweza kushughulikiwa. Pitia pia, kwa utulivu na bila baba na kaka yake kuwapo, kama ana taulo za hedhi kwenye begi, kama anajua amwombe mwalimu yupi ruhusa, na kama vyoo vya shule vinamwezesha kujihudumia kwa faragha. Maswali haya huonekana madogo, lakini nimeona mahudhurio ya mabinti yakivurugika kwa sababu hizi peke yake.

Kuhusu kumfanya azungumze, swali la "shule ilikuwaje leo?" litaleta jibu la "nzuri" na mazungumzo yatakufa hapohapo. Uliza jambo dogo linalojibika: wakati wa mapumziko ulikaa wapi, nani alikaa karibu yako kwenye kipindi cha mwisho, mwalimu gani amekwishajua jina lako. Uliza mkiwa mnafanya kazi pamoja au mnatembea, ambapo hamtazamani usoni, na usiulize mara tu anapoingia mlangoni, kwa sababu saa ile amechoka na amejizuia kutwa nzima. Akianza kusema, vumilia usitoe suluhisho haraka. Mtoto akisema "sina mtu wa kukaa naye" na mzazi akajibu papo hapo "mbona wasichana wako wengi darasani, nenda kawasalimie", amemwambia kwamba tatizo lake ni rahisi na yeye ndiye aliyeshindwa.

Yapo maneno ambayo ningependa ayasikie kutoka kwenu, tena zaidi ya mara moja: kwamba karibu kila mwanafunzi mpya hujiona hana nafasi pale alipo, hata wale wanaocheka kwa sauti, na kwamba hali hiyo hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Hii si faraja tupu. Mwaka 2019 Geoffrey Borman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule 11 za jiji la Madison, katika jimbo la Wisconsin, kwa wanafunzi waliokuwa wameingia tu katika ngazi mpya. Kundi moja lilipewa mazoezi mafupi ya kusoma na kuandika yaliyowaonyesha kwamba hofu ya masomo na ya kutokubalika ni ya kawaida, ni ya muda, na kwamba msaada upo. Wanafunzi hao, wakilinganishwa na wenzao walioandika kuhusu mambo mengine, walihudhuria zaidi, walipata makosa machache ya nidhamu, na idadi ya masomo waliyofeli ilikuwa ndogo. Mazoezi yenyewe yalichukua muda mfupi sana. Kilichobadilika ni tafsiri: mtoto aliyekuwa akisema "mimi sifai hapa" alianza kusema "huu ndio mwanzo, na wengine nao wanaupitia".

Sasa alama. Zinaposhuka katika mwaka wa kwanza wa shule mpya, wazazi hudhani mtoto wao ni wa pekee. Mapitio yaliyofanywa nchini Uingereza na Maurice Galton na wenzake mwaka 1999 yalikadiria kwamba wanafunzi wawili kati ya watano hawakupiga hatua iliyotarajiwa katika mwaka uliofuata kuhama shule. Kwa mtoto aliyezoea kuongoza kuna pigo la ziada. Mtafiti Herbert Marsh ameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mtoto hujipima kwa wale waliomzunguka. Akiwekwa kati ya wenzake wenye uwezo mkubwa, picha anayojichorea kuhusu uwezo wake hushuka hata kama uwezo wenyewe haujapungua hata chembe. Binti yako huenda amekutana darasani na wasichana na wavulana ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza alikotoka. Ukimwuliza "wewe uliyekuwa wa kwanza, imekuwaje?", unathibitisha kipimo kilekile kinachomwumiza.

Badala ya kuuliza nafasi yake darasani, mwombe ruhusa mfungue pamoja daftari la hisabati na daftari la sayansi. Daftari husema mengi kuliko karatasi ya matokeo. Angalia kama maelezo ya ubaoni yamenakiliwa hadi mwisho au yamekatika katikati ya sentensi; yakikatika, mwalimu anakwenda kwa kasi ambayo bado hajaizoea, na tatizo ni mwendo wa kuandika. Angalia kama makosa yanaanzia mahali fulani, kwa mfano mara tu herufi zilipoanza kusimama badala ya tarakimu. Hapo kuna mada moja inayohitaji kurudiwa, tena mapema, kwa sababu mada zinazofuata zinaijengea juu. Angalia kama kazi zimefanywa lakini hazikukusanywa. Kila moja kati ya hali hizi ina tiba yake, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa kumnyang'anya mapumziko au kumlinganisha na mtoto wa jirani. Kama lugha ya kufundishia imebadilika mlipo, ongeza swali jingine: je, anashindwa somo, au anashindwa kulisoma swali? Mwambie akueleze mada ileile kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Akiieleza vizuri, somo analijua, na anachohitaji ni kujenga msamiati wa somo hilo, maneno machache kila siku, na kuizoea lugha ya maswali ya mtihani.

Nendeni shuleni, na ningependa baba yake awe mmoja wa watakaokwenda. Ombeni kukutana na mwalimu wa darasa kwa miadi, si getini asubuhi wakati anakimbilia kipindi. Msianze kwa kulalamika. Mwelezeni mtoto alivyokuwa shule ya msingi, mliyoyaona nyumbani tangu muhula uanze, na siku ambazo tumbo humsumbua. Kisha muulizeni anamwonaje darasani, anakaa na nani, na kama kuna mwalimu, mshauri nasaha au matroni ambaye binti anaweza kumwendea bila kujieleza sana. Ombeni jambo moja au mawili tu yanayotekelezeka, kwa mfano akalishwe karibu na mwenzake mtulivu, au mwalimu wa hisabati ampe nafasi ya kuuliza baada ya kipindi. Mwambieni binti mapema kwamba mnakwenda na mtakachosema. Mtoto wa umri huu akigundua kwamba wazazi walifika shuleni kwa siri, atafunga mdomo kwa muda mrefu.

Katika mazungumzo hayo ulizeni waziwazi kuhusu uonevu. Kidato cha kwanza ndiko wanafunzi wadogo hukutana na wakubwa kwa mara ya kwanza, na katika shule nyingine bado kuna desturi za "kuwakaribisha" wageni kwa kuwadhalilisha, kuwatuma ovyo au kuwanyang'anya vitu. Mkigundua hilo, yote niliyosema kuhusu kusubiri hayahusiki. Andikeni tarehe, mahali na kilichotokea, mpelekeeni mkuu wa shule, na ombeni mjue hatua itakayochukuliwa na lini. Mtoto hapaswi kuambiwa azoee kuonewa.

Marafiki mzazi hawezi kuwatengeneza, lakini anaweza kufungua nafasi. Chama au mchezo mmoja shuleni, anaoupenda yeye na si ninyi, humpa kundi dogo ndani ya kundi kubwa, na katika kundi dogo watu hujuana kwa kufanya jambo pamoja bila kulazimika kuanzisha mazungumzo. Akimtaja mwenzake mara mbili tatu, mwulize kama angependa wasome pamoja nyumbani siku ya mapumziko. Marafiki wa shule ya msingi nao wasitupwe. Kuwaona mara kwa mara humkumbusha kwamba yeye ni mtu anayependeka. Kama anatumia simu, ifahamike kwamba kundi la ujumbe la darasa linaweza kuwa mlango wa urafiki au mahali pa kuumizwa, na simu hiyo ilale nje ya chumba chake usiku.

Nimetaja usiku kwa makusudi. Katika balehe homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka jioni, kwa hiyo kijana hasikii usingizi mapema kama zamani, ilhali sekondari mara nyingi humtaka aamke mapema zaidi. Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani, mwaka 2016, kilipendekeza saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Hesabuni saa anazolala binti yenu kuanzia anapofumba macho. Zikiwa 6, kabla hamjatafuta mwalimu wa ziada, rekebisheni hilo: punguzeni kazi za jioni zisizo za lazima, taa zizimwe saa ileile kila siku, na begi lipangwe usiku kwa kufuata ratiba ili asubuhi isianze kwa kutafuta daftari. Wiki chache za kwanza pangeni pamoja, halafu apange mbele yako, halafu apange peke yake. Kumfanyia kila kitu kutamchelewesha, na kumwachia kila kitu kwa siku moja kutamvunja moyo.

Msubiri kwa muda gani? Watoto wengi huanza kutulia kabla ya muhula wa kwanza kwisha, na baadhi huhitaji mwaka mzima kujihisi wenyeji. Nisingependa mpime kwa alama. Pimeni kama anataja majina ya watu wapya, kama siku za tumbo zinapungua, kama amerudia kucheka nyumbani, hata kama ni kwa kaka yake tu. Mabadiliko yakielekea upande huo, endeleeni. Kama muhula wa pili unaanza na hakuna kilichosogea licha ya shule kushirikiana nanyi, hapo suala la kumhamisha lijadiliwe, naye akiwa mezani, huku mkikumbuka kwamba shule nyingine nayo itakuwa mwanzo mpya. Lakini zipo dalili ambazo hazisubiri muhula: akikataa kabisa kwenda shule, akishindwa kula au kulala vizuri kwa wiki mbili, akijitenga hata na ninyi na kuacha yote aliyoyapenda, akijiumiza, au akisema afadhali asingekuwapo duniani. Hapo tafuteni msaada wa daktari au mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo, na msimwache peke yake.

Kwa mdogo wake mnao muda, na muda huo ni mali. Msimtishe kwa kumwambia kwamba sekondari hakuna mchezo. Tishio hilo hutolewa kwa nia njema na humfanya mtoto aingie akiwa amekwisha ogopa. Mpelekeni aione shule siku isiyo na pilikapilika, apite njia atakayotumia, ajue choo, ofisi na mahali pa maji. Kama ana shida ya kusoma, ya kusikia au ya kuona, au ana dawa anazotumia, hakikisheni taarifa hizo zinafika shule mpya kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu mara nyingi hubaki katika kabati la shule ya zamani. Mwanzisheni sasa kusimamia ratiba yake mwenyewe kwa mambo mawili matatu.

Na muhula huu ukikaribia kwisha, mwombeni binti amwandikie kaka yake ukurasa mmoja wa mambo ambayo angependa angeyajua kabla ya kuanza: nani wa kuulizwa, nini kilimwogopesha na kikaja kupungua, mapumziko ya siku ya kwanza aende wapi. Asipotaka msimlazimishe, mwulizeni tena baada ya likizo.